Baiskeli Zisizolala kwa Mtu

Mwavuli wake hakumwazima mtu. Ninalitanguliza hili kwa sababu siku hizi wanaomkumbuka Bibi Maendeleo humfanya mtakatifu, wakisema hakuwa na chake, kila alichoshika kilikuwa cha watu. Si kweli. Mimi nimewahi kulowa chapachapa nikitembea naye bega kwa bega kutoka zahanati, yeye yuko chini ya mwavuli wake mweusi, mkavu kabisa. Nilipomwomba anisogezee kidogo, alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Mama Filipo, mwavuli ni wangu. Baiskeli ni zetu. Usichanganye mambo."

Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali anayetumwa vijijini kuwafundisha akina mama lishe, vyoo, uzazi na ushirika. Jina la kazi lilimshika mpaka la ubatizo likasahaulika. Alikotoka sikujua, na sikuwa peke yangu. Tulipojaribu kumchimba alitupa kazi ya kufanya. Ukimwuliza, "Bibi, kwenu ni wapi?" anakwambia, "Kwetu ni hapa, na hapa hapana shimo la taka. Chukua jembe." Baada ya muda tuliacha kuuliza, maana migongo ilikuwa inauma.

Kijiji chetu kiko kati ya Karatu na Kansay, kwenye vilima vya udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hukuvua viatu bila ruhusa yako. Yeye alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi, na juu yake kitenge kizuri kilichopigwa pasi. Chanuo alilichomeka nywelani asubuhi na mara nyingi alilisahau huko mpaka jioni. Alisema Kiswahili cha redio. Sisi Wairaqw wa pale, Kiswahili tulikipata shuleni, na wengine wetu shule tuliipita kwa mbali, kwa hiyo alipokuwa akihutubia, nusu ya mkutano ilikuwa inasikiliza na nusu ilikuwa inatafsiriwa na jirani. Neno lililozaa kisa chote hiki lilipotelea hapo katikati, na nitalifikia.

Mimi nilikuwa muuzaji wa duka la kijiji. Ukisema duka katika miaka ile, sabini inakwisha na themanini inaanza, ulikuwa unasema rafu. Sabuni ikija leo, kesho ni hadithi. Lakini duka lilikuwa na baraza pana, na Bibi Maendeleo alilipenda baraza langu kuliko nilivyotaka mimi, kwa sababu ndipo alipoamua ziegeshwe baiskeli.

Zilikuwa sita. Wafadhili fulani walizileta kwa ajili ya kijiji, nyeusi, nzito, zenye keria ya chuma inayobeba gunia la mahindi bila kunung'unika. Kila mtu alijua zitakakokwenda: moja kwa mwenyekiti, moja kwa katibu, na nyingine kwa watu wanaokaa karibu nao kwenye mikutano. Bibi Maendeleo alisimama mbele yao akasema hapana. Madigadi yake yatapakwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye madarasa, zionekane kwa mbali. Zitakaa sehemu nne, dukani, zahanati, shuleni na kwenye mashine ya kusaga. Mwenye haja ataichukua iliyo karibu, aende nayo mpaka moja ya sehemu hizo, aiache hapo kwa mwingine. Hakuna kuirudisha ilikotoka na hakuna kulala nayo.

Watu walidhani amechanganyikiwa. Mume wangu alimwuliza waziwazi, "Bibi, nikiiacha zahanati, nitarudi na nini?"

"Utarudi na itakayokuwepo."

"Ikiwa haipo?"

"Ulizaliwa na miguu, baba Filipo. Hiyo haiombi kibali."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo. Lililonikaa zaidi ni hili: kitu kikilala kwako siku mbili, kimeanza kukuita baba. Alilisema kwa wanaume waliokuwa wakipitisha baiskeli nyumbani "kupumzika kidogo". Alikuwa akifika alfajiri, hajapiga hodi bado tayari anasalimia, anainyanyua baiskeli ukutani na kuondoka nayo akiisukuma, huku mwenye nyumba amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Kwa nini aling'ang'ania hivyo? Alinieleza mara moja tu, tukiwa tunachambua maharage. Katika kijiji alichofanyia kazi kabla ya kwetu, alisindikizana na mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa kali kwenda zahanati. Njiani walipita nyumba ya kiongozi. Baiskeli ya kijiji ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefunikwa gunia isipate vumbi. Waliiomba. Wakaambiwa mwenyewe hayupo. Mtoto alifia mgongoni kwa mama yake kabla ya kufika, na yule mama aliendelea kutembea kwa kuwa alikuwa hajui. Bibi Maendeleo alijua, akanyamaza, akatembea naye.

"Nilimwacha amsindikize mtoto wake kama aliye hai," aliniambia. "Lakini baiskeli ile naiona mpaka leo, Mama Filipo. Ilikuwa na matairi mazuri."

Aliendelea kuchambua maharage. Tangu siku ile sikulalamika tena juu ya baraza langu, au nililalamika kwa sauti ndogo.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alicheka kwa kelele na alikunywa chai kwa kelele zaidi. Kwaya ikiimba kanisani alilia wazi, hata wimbo ukiwa wa mavuno, na wapiga kinanda walimwogopa kwa sababu alikuwa akiwakodolea macho yenye machozi. Alitufundisha usafi kwa ukali wa kipolisi, na uani kwake magugu yalifika magotini. Nilipomtania juu ya hilo alisema daktari naye huugua. Wanawake kupanda baiskeli, hilo alilipigania kama vile ni yeye aliyeumba magurudumu. Wazee walisema mwanamke akipanda atazoea kwenda. "Ndiyo," alisema, "hiyo ndiyo kazi ya baiskeli." Alitupanga kwenye uwanja wa shule tumefunga vitenge imara kiunoni, akashika siti nyuma na kukimbia nasi, mabuti yanapiga kelele. Mimi niliingia kwenye ua la minyaa nikatoka na uso kama wa mtu aliyepigana na paka. Aliniuguza kwa maji ya chumvi na kunirudisha juu ya siti siku hiyo hiyo.

Sasa lile neno. Mwanzoni, kila alipohutubia, Bibi Maendeleo alisema, "Baiskeli hizi ni mali ya umma." Alilisema kwa nguvu na kupiga ngumi kiganjani. Na baiskeli zilikuwa zinakufa. Mtu akipata pancha anaitupa njiani. Cheni ikikatika, anaiegemeza kwenye mti na kwenda zake akipiga mluzi. Kengele zilitoweka, kisha pampu. Alizunguka akizikusanya kama mama wa watoto watoro, na sikuona mtu yeyote akiona haya.

Siku moja Mzee Tluway alikuja dukani. Alikuwa mfugaji wa heshima, mwenye ng'ombe wengi na Kiswahili kichache. Alikaa juu ya kreti tupu, akaegemea fimbo yake.

"Mama Filipo," akasema, "huyu Juma ni nani?"

"Juma yupi, mzee?"

"Huyu tajiri. Shule ni mali ya Juma. Zahanati ni mali ya Juma. Shamba kubwa lile, ya Juma. Sasa na baiskeli. Mtu ana mali hivi, mbona hajaja hata siku moja kutusalimia?"

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Bibi Maendeleo aliyekuwa barazani alisikia, naye akacheka akakalia gunia. Halafu aliacha kucheka ghafla.

"Mzee ana haki," akasema. "Miaka yote nawaambia watunze mali ya mtu asiyekuja kusalimia." Akamgeukia. "Shikamoo, mzee. Naomba unifundishe. Ninyi mtu akiwa na kitu kwake ambacho si chake, anakitunzaje?"

Nilitafsiri. Mzee Tluway alishangaa kwamba mtu mzima hajui. Akaeleza. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote boma moja, ugonjwa ukiingia utawamaliza. Huwagawa kwa majirani na rafiki. Ukiwekewa ng'ombe, maziwa ni yako na samadi ni yako. Huuzi wala huchinji, na ndama ni wa mwenyewe. Mwenyewe akija kumwona, unamwonyesha. Na ng'ombe akifa, hata kama mvua inanyesha na mto umejaa, unachuna ngozi na kumpelekea mwenyewe kwa mikono yako.

"Kwa nini ngozi?" aliuliza Bibi Maendeleo.

"Ili ajue amekufa," alisema Mzee Tluway. "Asiyeleta ngozi, huyo amemla."

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa wanatoka kanisani, Bibi Maendeleo alipanda juu ya jiwe. Hakutaja umma. Alisema, kwa Kiiraqw kibovu alichofundishwa wiki nzima na mimi, kwamba kijiji kina ng'ombe sita wenye madigadi meupe, na kila anayepanda amewekewa mmoja kwa muda. Maziwa anywe. Lakini ng'ombe akifa mkononi mwake, amletee ngozi.

Watu walicheka, hasa matamshi. Lakini walielewa, wazee kwa watoto. Na hapo mambo yaligeuka. Tairi likipasuka, mtu alikuja nalo dukani begani, kichwa chini, akaliweka mbele yangu. "Ngozi hiyo, Mama Filipo." Tyubu iliyooza, pedali iliyovunjika, hata spoki moja iliyochomoka, vyote viliitwa ngozi na vyote vililetwa. Na mtu akishaleta ngozi, aibu haimruhusu kuondoka hivi hivi. Anakaa asaidie kutengeneza. Tyubu zilipoadimika kabisa, tulijaza matairi nyasi kavu na maganda ya maharage, tukayashona kwa kamba ya katani. Baiskeli zilitembea zikikwaruza kama mtu anayetafuna, na ukiteremka kilima meno yaligongana. Lakini zilitembea. Akina mama walifika kliniki na kurudi na jua bado liko juu, na Bibi Maendeleo alikuwa akisimama barazani kwangu akizihesabu zinavyopita, chanuo kichwani, amefurahi waziwazi.

Mwenyekiti hakufurahi. Sikumchukia mtu yule, nataka niliseme. Alikuwa mkarimu, na aliamini kwa moyo wote kwamba mali ya kijiji inatakiwa kukaa kwa kiongozi wa kijiji, la sivyo kiongozi ni wa nini? Msimu mmoja wa mavuno, baiskeli mojawapo ilipotea. Tuliitafuta kwenye sehemu zote nne. Watoto walisema wameiona kwa mwenyekiti. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Bibi Maendeleo alikwenda kwake alfajiri kama kawaida yake, akaambiwa mwenyekiti amesafiri. Alikwenda tena. Amelala. Wengine walianza kunong'ona kwamba ikiwa mkubwa anayo yake, na wao si wajinga. Jioni moja zahanati haikuwa na baiskeli hata moja. Nilimwona uso wake. Alikuwa amerudi kwenye njia ile nyingine, nyuma ya yule mama.

"Nikimwachia hii moja," aliniambia, "nimewaachia zote."

Mkutano wa kijiji ulipoitwa, alivaa kitenge chake bora na kukaa mbele kabisa. Mwenyekiti alizungumzia mbegu, mbolea na mahudhurio ya shamba. Kwenye mengineyo, Bibi Maendeleo akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, kuna ng'ombe tuliyemweka kwako. Maziwa umekunywa, na tunasema karibu. Leo wenyewe tumekuja kumwona."

Kicheko kidogo kikapita. Mwenyekiti aliinua mkono, akatabasamu kama mtu mwenye subira. "Bibi Maendeleo, baiskeli ile iliharibika. Imeharibika kabisa. Niliiweka kwa usalama tu."

"Pole sana, ndugu Mwenyekiti," akasema, na sauti yake ilikuwa laini. "Basi ngozi iko wapi?"

Hata walionyonyesha waliacha kubembeleza. Mwenyekiti alizaliwa pale pale, babake alikuwa amelisha ng'ombe wa watu maisha yake yote, na alijua sawasawa alichoulizwa. Mzee Tluway alinyanyuka kwa fimbo yake. Hakupaza sauti.

"Mwanangu," alisema kwa Kiiraqw, "lete ngozi, au useme umemla."

Ikabidi ikafuatwe. Tulisubiri juani, hakuna aliyeondoka. Ilipofika ikisukumwa, matairi yalikuwa mapya, sijui aliyapata wapi katika uhaba ule, kengele inang'aa, na juu ya siti mkewe alikuwa ameifumia kitambaa cha maua, mekundu na ya njano. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Bibi Maendeleo peke yake hakucheka. Alikitoa kile kitambaa, akakikunja vizuri, akampelekea mke wa mwenyekiti kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kutunza. Kisha akaisukuma baiskeli mpaka zahanati, akaiacha.

Haikupita muda, uhamisho ukaja. Hakuna aliyesema umetoka wapi. Alipelekwa Malambo, kule chini Umasaini, ng'ambo ya Ngorongoro. Alipanda lori la mahindi akiwa na sanduku moja na mwavuli wake. Aliniambia, "Zitazame, Mama Filipo," nami nikasema nitazitazama.

Nilizitazama. Lakini duka lilifungwa, baraza likapewa mtu mwingine, na mwenyekiti akatangaza kwamba baiskeli zitahifadhiwa kwake kwa muda, mpaka utaratibu mpya upangwe. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Nilikumbusha ngozi, na safari hii alikuwa na jibu. "Hazijafa," alisema. "Njoo uzione." Na kweli zilikuwepo, zimepangwa mstari mmoja ukutani, nzima, safi. Zilikaa hivyo mpaka raba ikapasukapasuka kwa ukavu na panya wakala yale maganda ya maharage. Mzee Tluway alikuwa amekwisha kufariki, na wengine wakachoka.

Nilikuja kumwona tena katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimeanza biashara yangu ndogo, napeleka mahindi na maharage minada ya Umasaini kwa lori na kurudi na ngozi za mbuzi. Tulipita geti la Ngorongoro kwenye ukungu, tukashuka upande wa pili kwenye vumbi na miiba, na njia nzima nilikuwa nawaza nitamwambia nini. Nilitamani nimkose.

Sikumkosa. Alikuwa nje ya zahanati ya Malambo, mabuti yale yale au ndugu zake, nywele zimeingia mvi, anamfokea mtu juu ya shimo la taka. Aliponiona alipiga ukelele na kunikumbatia mpaka mbavu zikalia. Tukanywa chai. Aliuliza habari za Filipo, za kwaya, za minyaa. Akawa anazunguka kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Mwishowe akauliza.

"Na zile sita?"

Nikamwambia. Zote ziko kwa mwenyekiti, ukutani, raba zinakauka, na hakuna anayezipanda. Sikupunguza kitu. Alilia, wala hakugeuka upande. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na kwa sababu alikuwa amezeeka.

Halafu alijifuta kwa pembe ya kitenge na kupiga goti lake kwa kiganja.

"Kosa lilikuwa langu," akasema. "Baiskeli haili. Ukiifungia ndani mwaka mzima haikuombi hata maji. Ndiyo maana wakubwa wanaipenda. Njoo nikuonyeshe."

Nyuma ya zahanati, chini ya kivuli cha ukuta, walisimama punda wawili, na kila mmoja alikuwa na doa la rangi nyeupe ubavuni.

"Kikundi cha akina mama wajane kimewanunua," alisema. "Wanne. Wawili hapa, mmoja kisimani, mmoja sijui yuko wapi, ana mtu. Jaribu kumficha huyu ndani kwako. Atakula nyasi yako, atanya mlangoni, na usiku atalia mpaka majirani wajue. Mzee mmoja alijaribu. Siku ya tatu alimleta mwenyewe, akanisihi nimchukue."

Alicheka kile kicheko chake cha zamani. Lori lilikuwa linapiga honi upande wa mnadani, na mimi nilikuwa na mzigo wa ngozi ambao mgongo wangu haukuutaka. Aliufunga juu ya punda mmoja, akakaza kamba, akanipa ncha yake mkononi. Tuliagana haraka, maana wote wawili tulikuwa hatuaminiki kwa machozi.

Nilimwongoza punda mpaka kwenye lori, mzigo ukapakiwa. Nilibaki na kamba mkononi, natazama huku na huku nitafute mti wa kumfunga, au mtu wa kuaminika wa kumrudisha. Mwanamke mmoja wa Kimasai alikuja na madumu mawili matupu.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu. Ndilo neno pekee la Kimasai nililokuwa nalo.

Alichukua kamba kutoka mkononi mwangu, akapachika madumu, na kuondoka na punda kuelekea kisimani. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Nikaufunga. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Mama! Yule anaondoka na punda wako!"

"Namwona," nikamwambia. "Washa gari twende."